Fanusi Langu na Swichi ya Jikoni

Jumapili, 28 Shabani

Nimeshinda! Uchochoro mzima umekubali fanusi la Ramadhani niliwashe mimi. Si Fundi Jalali. Mimi! Spika ya msikiti imekufa, na kwa honi hizi za Kairo mwadhini hasikiki. Basi tumekubaliana: fanusi likiwaka, watu wafuturu. Jalali kauliza kama nimewahi hata kubadilisha balbu. Nikamwambia umeme ni akili, si vyeti. Akacheka. Amekubali!

Mke wangu Samiha kaapa: nikileta balaa moja tu la waya, anaenda kwao Shubra mpaka Idi. Hana imani, maskini.

Jumatatu, 29 Shabani

Nimepigwa shoti. Nikaangukia ndoo ya achari. Habari njema: umeme upo! Waya haukufika swichi ya sebuleni, nimeuunga na ya jikoni, ile inayowasha taa ya huko. Swichi moja, kazi mbili! Jalali kachungulia, kasema, "Mzee Wajdi, huo waya utakuumbua." Kijicho tu.

Jumanne, 1 Ramadhani

Meza ndefu nje, majirani wote wamekaa, macho juu kwa fanusi langu. Mimi kibarazani nangoja jua lizame. Ghafla likawaka! Sijagusa kitu. Bismillahi, tende zikabugiwa. Hajja Inshirah, asiyenisalimia tangu nimlipulie friji, kanipungia mkono. Machozi yalinitoka.

Walipofika kwenye supu, teksi ikapita, redio yake ndiyo kwanza inaadhini.

Kumbe Samiha aliwasha taa ya jikoni atafute chumvi.

Jumatano, 2 Ramadhani

Uchochoro mzima unadaiwa saumu. Hajja kanitukana matusi yasiyofaa mwezi mtukufu. Jalali kakata waya wangu, anacheka mpaka kashika ukuta. Samiha kaenda Shubra. Nimefuturu mkate mkavu peke yangu. Nimelia kidogo, sikatai.

Lakini tuseme kweli! Jalali na vyeti vyake amewahi kuulisha mtaa mzima kwa waya mmoja? Likawaka, wakala. Hakuna aliyesita!

Na Mungu hamtupi mja wake. Shemeji kapiga simu: kengele ya mlango wa mama mkwe imekufa, Samiha analalamika. Kesho naenda na bisibisi. Nikiitengeneza, atarudi nami, najua. Na jikoni kwao, nakumbuka, kuna swichi nzuri sana.