Mume wa Pili wa Dada Yangu Bodil

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Nørre Bjerrild, ambako mvua inanyesha na dada yangu hasemi nami. Kosa ni la mtambo wako wa uchapaji. Nayaleta malalamiko yangu kwa namba, maana hasira isiyo na mpangilio watu huidhania ulevi.

1. Bodil na Egon walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa niliwatungia wimbo, kama ilivyo ada yetu, nikauleta kwako uchapwe kwenye karatasi za wageni wote kuimbia. Egon ni spildevandsrensningsanlægsbestyrer, yaani msimamizi wa mtambo wa kusafisha majitaka. Neno ni moja, kazi moja, mume mmoja. Mkazo mkuu unakaa mwanzoni, na silabi nyingine zote zinafuata kwa adabu. Ninyi mkaona karatasi haitoshi, mkalikata katikati: spildevands- huku, rensningsanlægsbestyrer mstari wa chini.

2. Wageni walipofika mwisho wa mstari wakavuta pumzi. Kisha wakauvamia mstari wa pili kwa nguvu mpya na mkazo mpya. Kwa lugha yetu mikazo mikuu miwili ni maneno mawili, na maneno mawili, Ndugu Mhariri, ni watu wawili. Shangazi Gudrun, ambaye masikio yamechoka lakini ulimi mzima, aliuliza mbele ya mchungaji: "Bodil mwanangu, na huyu wa pili ulimficha wapi miaka yote hii?"

3. Unatujua. Wimbo wa sherehe ukishaanza hauachwi, hata nyumba ikiungua. Beti zilikuwa saba, na neno lenyewe nililiweka kwenye kiitikio. Kufikia ubeti wa nne watu walikuwa wakimtafuta kwa macho. Kwenye wa sita Egon mwenyewe alisogeza kiti ampishe. Majirani, ambao kwa desturi walikuwa wamemjengea bwana na bibi tao la matawi mlangoni, wakaomba radhi kwamba wamejenga moja tu.

Bodil ndiye ndugu yangu pekee. Hapokei simu zangu, na Jumapili nakula samaki wangu wa siki na mkate mweusi peke yangu. Inaniuma sana.

Kwa hiyo naomba karatasi za nyimbo ziwe na upana wa meza. Meza isipotosha, ukumbi ubomolewe ukuta mmoja. Hilo nalo likishindikana, Egon aachishwe kazi afanywe mhunzi, ambaye kwa lugha yetu ni silabi moja tu, na majitaka yajisafishe yenyewe.

Nisalimie mkeo, wanao na mafundi wako wote, hata yule aliyelikata neno, ingawa yeye mpe salamu fupi.

Wako katika masikitiko,
Villads Krogsgaard

T.B. Nilikuwa nalamba bahasha Bodil akapiga simu. Anasema tangu sherehe ile Egon anawahi kurudi nyumbani, anaosha vyombo, analeta maua, na jana alimuuliza ameshindaje. Hataki kupitwa na mwenzake, yule wa pili. "Kaka," ameniambia, "mwambie Mhariri asimguse yule bwana." Mwezi ujao Egon anatimiza miaka sitini. Tafadhali chapa wimbo uleule, na neno ulikate vipande vitatu.