Kuomba Makazi kwa Mama Waya

Jumatatu, 3 Machi
Nimepokelewa! Mama Waya amenifungulia akaunti kwenye kompyuta yake. Ni moja tu, kuukuu, iko chumbani kwake kando ya meza ya pasi, na sisi watu sitini na nne tunaingia humo kwa mtandao, kila mmoja akiwa kwake, kwa kuandika maneno tu. Hakuna picha. Hakuna matangazo ya biashara. Kila mtu ana folda yake, nayo huitwa nyumba. Mgeni huangaliwa wiki nzima, Jumapili Mama Waya anaamua abaki au aondoke. Mimi nimeshafukuzwa kwenye kompyuta mbili za namna hii. Nikifukuzwa hapa, sina pengine. Shajara nimeiweka humuhumu, kwenye folda yangu, mbali na macho ya mke wangu na mama mkwe.

Jumanne, 4 Machi
Kuna mgeni mwingine. Anajiita Fundi Saa, na kweli anatengeneza saa. Ameandika ubaoni, pale penye ujumbe wa wote, jinsi ya kufungua saa ya mkono bila kupoteza skrubu, akajibiwa na watu kumi na mmoja. Mimi niliandika hamjambo nyote. Kimya! Hakuna aliyesema wataondoa mmoja wetu, lakini mimi si mtoto.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa. Ukiiuliza kompyuta nani yumo, inakutajia majina. Basi nimeandika kiprogramu cha kunifanya nionekane nimo muda wote, hata nikiwa kazini. Leo nimehesabu katoni za vidonge stoo ya duka la dawa kwa raha mustarehe. Mama Waya atasema, huyu ndiye mkazi!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Kiprogramu kilikuwa kinazaa. Kimoja kinazaa viwili, na hivyo viwili navyo vinazaa. Saa sita mchana kompyuta ikazimia, wote tukatupwa nje. Mama Waya akaacha sufuria jikoni kwenda kuchomoa waya kwa mkono. Mboga imeungua. Amerudi ubaoni anauliza ni nani. Kabla sijafikiri nikaandika kwamba nilimwona Fundi Saa akichokonoachokonoa. Chakula cha jioni nilikiacha mezani. Mke wangu akanishika paji la uso, akasema sina homa, nina jambo.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna aliyemgombeza Fundi Saa. Hata mmoja! Yeye mwenyewe amenisalimia, akaniuliza nimeamkaje. Kwa nini aulize? Anajua nini? Nimejibu salama, kisha nikaenda kujifungia chooni robo saa nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwisha. Fundi Saa ameniandikia faraghani. Anasema, ndugu yangu, nyumba za humu ziko wazi mpaka mwenyewe afunge. Ndiyo desturi, watu hutembeleana na kusoma ya wenzao. Shajara yangu wanaisoma tangu Jumatatu. Mama Waya huisoma na chai ya asubuhi. Fundi Saa anasema ya Alhamisi yamemuuma, ila ameona vibaya nifike Jumapili bila kujua. Nimelala chali sakafuni. Mama mkwe amenivuka mara mbili bila kuuliza kitu.

Jumapili, 9 Machi
Nimebaki! Mama Waya amesema humu hakuna ambaye hajawahi kuizimisha kompyuta, yeye mwenyewe mara tatu. Kilichomuudhi ni kumsingizia mwenzangu. Nimemwomba Fundi Saa radhi mbele ya wote. Amenisamehe upesi mno, nikaona aibu kuliko mwanzo. Machozi yalinitoka, nasema kweli. Nina kwetu! Kisha Mama Waya akanifundisha amri ya kufunga folda, fupi tu, hata mama mkwe angeiweza.

Sikuifunga. Mlango uliofungwa si ndio unaowavuta wachunguzi? Nimekuwa mjanja zaidi: shajara nimeipa jina "Orodha ya Vidonge Vilivyokwisha Muda". Nani atahangaika nayo? Sasa naweza kuandika kwa uhuru kwamba kiprogramu nimekirekebisha, na kesho nakiwasha tena, safari hii nikikiita Fundi Saa ili kikiharibika nisiulizwe mimi.

Nimetazama nani yumo. Watu arobaini, mchana kweupe, na ubaoni hakuna hata neno. Wametulia wote kama watu wanaosoma. Naogopa. Sijui kumetokea nini.