Ndege Tatu za Ghorofa ya Tatu

Kila asubuhi, kabla mji haujachangamka, Mtelezo alikaa kwenye benchi la kinyozi akang'arisha viatu vyake kwa kiwi ya muuza magazeti na kitambaa cha kinyozi, huku akisoma gazeti ambalo nalo hakulinunua. Kiatu cha kushoto kwanza, cha kulia baadaye. Mtu asiye na kazi akiwa na viatu vichafu, alipenda kusema, ni mhuni. Vikiwa vinang'aa, ni mtu aliye likizo.

Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza cha kushoto tu, mlango ukapigwa kikumbo na Bwana Saruji.

Bwana Saruji aliuza saruji, na mji mzima ulijua kwamba kila mfuko wake ulipungua koleo moja. Koleo hizo, moja baada ya nyingine, zilikuwa zimemnunulia ndege nyeupe ya viti viwili, iliyolala kwenye kiwanja kidogo nje ya mji. Alikalia kiti cha kunyolewa akiwa amepakata boksi, na kinyozi alipomfunika shuka, boksi likabaki humohumo chini ya shuka. Akawa kama mjamzito wa miezi yote.

"Mzee, liweke chini basi," alisema kinyozi. "Nakunyoa, sikuibii."

"Nyoa!"

Kijitabu kikachomoka chini ya shuka, kikatua kwenye kiatu ambacho hakijang'arishwa. Mtelezo akakiokota. Jalada lilikuwa na picha ya skrini iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele cha ndege, nusu ya juu bluu, nusu ya chini kahawia. Maishani mwake Mtelezo hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za kwa shangazi yake. Lakini aliujua vizuri uso wa mtu aliyenunua kitu asichoweza kukiwasha, na anayeogopa kuulizwa.

"Aa, hizi," alisema taratibu, akiitazama picha kama picha ya ndugu yake. "Kumbe zimefika na huku?"

"Unazijua?"

"Mzee wangu, nimezifunga mpaka zimenichosha. Nipo likizo."

Bwana Saruji aligeuka ghafla, wembe ukamkosa kidogo. "Pale klabu ya marubani wananicheka. Nimewaambia najua kuifunga mwenyewe."

"Na utajua. Ila nikuulize, ramani zake unalipia?"

"Kila mwaka!" Bwana Saruji karibu alie. "Wananipunja!"

Neno hilo, kutoka kinywa hicho, lilimfanya hata kinyozi asimamishe kazi.

"Pole sana," alisema Mtelezo, akirudisha kijitabu kwa mikono miwili. "Wengine hawalipi."

Basi hivyo ndivyo mtu aliyekuwa likizo alivyorudi kazini.

Tumtendee haki Mtelezo: skrini ile ya kwanza aliifunga kweli. Alikuwa amekisoma kijitabu chote ndani ya gari la Bwana Saruji, isipokuwa ukurasa wa mwisho, ule wa kuzima, kwa sababu katika kazi yake hakuna aliyewahi kuuza kitu kwa kukizima. Akafuta kioo cha ndege kwa shati lake, akabana kile kikombe cha mpira mpaka kikanyonya kioo na kushika. Akaisogeza skrini pembeni isimzibe rubani macho, akangoja setilaiti zionekane. Mwisho, ndege ikiwa imeegeshwa pale tambarare, akabonyeza kitufe cha kuiambia skrini kwamba hapa ndipo sawa, ili tangu hapo ijue ndege ikilala upande.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Skrini hizo huita hewani kimyakimya, niko hapa, niko hapa, ili ndege zisigongane. Kila inayoita huonekana kama mshale wa njano kwenye skrini kubwa ya mnara wa kuongozea ndege. Na mnarani, juu ya klabu, alikaa msichana ambaye kila mtu alimwita Dada wa Mnara, mpole, mwenye haya, ambaye maneno yake mengi aliyamaliza kwenye redio.

"Dada, unaniona?" Mtelezo aliuliza redioni kwa sauti nzito aliyoiweka akiba.

"Nimekupata."

"Na mtu akitaka kupanda huko juu kukusalimia?"

"Nimekupata. Mwisho wa mazungumzo."

Mtelezo aliitazama redio. Alikuwa amewahi kumuuzia mtu saa isiyo na mishale, na mtu yule akamshukuru. Sasa neno moja tu la msichana lilimfanya asijue mikono aiweke wapi.

Ili ramani ziwe za bure, alimweleza Bwana Saruji, skrini lazima ipelekwe karakana ikafunguliwe. Saruji akaitoa bila kuuliza karakana ya nani. Kabla jua halijapanda sana, Wakili, mwenye ndege yake hapo klabuni, alimvizia Mtelezo nyuma ya tangi la mafuta akiwa na skrini yake ndani ya koti. Daktari wa Meno naye alimwita kwenye gari, akashusha kioo nusu, akampitishia ya kwake.

"Usimwambie Wakili," alinong'ona Daktari.

"Usimwambie Daktari," alikuwa amenong'ona Wakili.

Mtelezo alikuwa mtu wa kutunza siri. Hakumwambia yeyote, hata mnunuzi aliyekuwa akimngoja mji wa pili, mwisho wa safari ya basi la mchana.

Getini alimkuta Dada wa Mnara ameshuka mwenyewe kumfungulia.

"Utarudi lini, fundi?"

"Kesho mapema."

"Mimi ndiye niliyekuombea kibali cha kuingia," alisema, akitazama mikono yake. "Hizo zikipotea, na kazi yangu imekwenda."

"Dada, mimi nina sura ya mtu wa kupoteza vitu?"

Alimtazama kwa muda mrefu, kwa namna ambayo Mtelezo hakuizoea, kama mtu anayetafuta kitu na ana hakika kimo.

"Nimekupata," akasema.

Mtelezo alipitia kwa shangazi kuchukua mashati. Shangazi ndiye aliyemlea, na tayari alikuwa amelitangazia jengo zima, kuanzia ghorofa ya chini mpaka hapo kwake ya tatu, kwamba mtoto wake sasa ni fundi wa ndege.

"Hebu nionyeshe hata kifaa kimoja, mwanangu. Nisije nikawa naongopa."

Akaisimamisha skrini ya Bwana Saruji kwenye meza ya chakula, ile yenye mguu mfupi uliotegewa kipande cha boksi, na kwa madoido akabonyeza tena kitufe cha kusema hapa ndipo sawa.

"Hii bluu ni mbingu?" shangazi aliuliza.

"Mbingu. Na hii kahawia ni ardhi."

"Na sisi?"

"Sisi hapa katikati, shangazi."

Shangazi akashika kingo za meza kwa mikono yote miwili, kama meza ingeweza kuruka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Mtelezo akajikuta anacheka naye, halafu akakumbuka basi. Skrini ikafifia yenyewe ikawa nyeusi. Akaamini imelala, akaitia begini pamoja na zile mbili, ambazo nazo zilikuwa nyeusi vilevile. Hapo simu ikalia.

"Fundi! Uko wapi?"

"Karakana, mzee. Nimelala chini ya mtambo."

Jikoni sufuria ikaanguka. "Mwanangu, utakula?" shangazi akaita.

"Hiyo karakana," alisema Bwana Saruji polepole, "iko ghorofa ya tatu? Maana hapa mnarani naona ndege yangu imening'inia juu ya nyumba za watu, haiendi mbele wala nyuma. Na ubavuni mwake ipo ya Wakili. Na ya Daktari! Daktari, hata wewe?"

"Kwani wewe ulimpa ya nini?" sauti ya Daktari ikasikika.

"Jamani, mimi nilimpa aipanguse tu," alisema Wakili.

Mtelezo akakata simu. Kupitia zipu ya begi, taa tatu za kijani zilikuwa zinamkonyeza. Akabonyeza vitufe vyote alivyoviona, na skrini zote tatu zikawaka na kumtakia safari njema. Simu ikalia tena, safari hii kwa mnong'ono.

"Fundi, ni mimi. Wametoka na magari kukutafuta, wamegawana barabara. Usizizime. Nikikupoteza kwenye skrini, siwezi kukutoa."

Moyo wa Mtelezo uliruka bila kibali cha mnara wowote. "Dada, unanisaidia mimi?"

"Shuka ngazi. Sasa hivi."

Alishuka, begi mgongoni, simu sikioni, shangazi akimwombea dua kutoka dirishani. Machoni mwake kila lori jeupe lilikuwa la Bwana Saruji. Kila mtu mwenye koti jeupe, akiwemo muuza nyama, alikuwa Daktari wa Meno.

"Pita katikati ya soko," sauti ilimwongoza. "Punguza mwendo. Umempita mpaka mwendesha baiskeli."

"Nafukuzwa na mbwa!"

"Nimekupata. Mbwa hayumo kwenye skrini yangu. Mbele kuna ukuta, panda."

"Mrefu?"

"Umeshafika juu, nakuona. Sasa shuka polepole."

Kishindo kilisikika.

"Nimeshuka," Mtelezo aligumia kutoka kwenye lundo la maboksi.

"Nimeona. Ilikuwa haraka kidogo."

Hivyo hivyo, kushoto, kulia, chini ya kamba za nguo, katikati ya darasa la ushonaji ambalo lilimpisha kwa heshima zote, mpaka akatokea kwenye njia panda. Kushoto kilikuwa kituo cha mabasi. Lile la mchana lilikuwa limeshawashwa, na kondakta aliita abiria wa mwisho. Kulia ilikuwa barabara ya vumbi, na mwisho wake, juu ya miti, ulipepea mfuko wa rangi ya machungwa unaoonyesha upepo unatoka wapi.

"Kulia," ikasema sauti.

Mtelezo akasimama. Alivitazama viatu vyake. Vyote viwili sasa vilikuwa vichafu, hakuna tena mtu aliye likizo.

"Kulia kuna nini, dada?"

"Kulia," ikarudia, na safari hii ilitetemeka.

Kondakta akapiga ubavu wa basi. Mtelezo akavuta pumzi.

"Nimekupata," akasema, akageuka kulia.

Alipenya tundu la uzio, akatokea kwenye majani mbele ya baraza la klabu. Pale walikaa Bwana Saruji, Wakili na Daktari wa Meno, kila mmoja na kikombe chake cha chai, viti vimezungushwa vizuri kama vya harusini. Hakuna aliyekuwa ametoka na gari. Hakuna aliyekuwa amesimama hata mara moja, isipokuwa kuongeza sukari.

"Ndege tatu zimetua salama," alitangaza Dada wa Mnara kutoka dirishani, uso umemwiva.

"Polisi!" Bwana Saruji alishika simu.

Wakili akakohoa. "Tutaandikisha nini, mzee? Kwamba tulimpa mtu huyu skrini akatuibie ramani, naye akatuibia skrini?"

Bwana Saruji akaiweka simu chini, akanywa chai yake kwa uchungu.

Hukumu ilitolewa na Daktari wa Meno, ambaye alikuwa na uzoefu wa kuumiza watu kwa upole. Mtelezo azifunge skrini zote tatu, bure, vizuri. "Halafu upande nazo. Aliyefunga ndiye anayepima."

"Kupanda? Mimi? Wazee wangu, miguu yangu hii..."

"Imepanda ukuta," akasema Wakili. "Tulikuona."

Alipomaliza kuzifunga, Daktari na Wakili walitangulia na ndege zao, ili wawe juu tayari kumwona akitapika. Mtelezo akafungwa mkanda kwenye ndege nyeupe, hedifoni masikioni. Kabla hata injini haijawashwa, Bwana Saruji alipiga yowe.

"Mbona skrini inasema tumelala upande? Si tumeegeshwa?"

Mtelezo akaitazama. Ilikuwa bado inaamini meza ya shangazi. Ramani za bure angeweza kuzitetea mpaka jioni, lakini hili alishindwa kulitetea. "Nilikosea, mzee," alisema, na neno lenyewe lilimshangaza kwa wepesi wake. Akabonyeza kitufe upya, pale tambarare, akangoja mstari utulie mahali pake.

Wakaruka. Mtelezo alifumba macho, akapiga kelele, akanyamaza, akafumbua. Mbingu juu, ardhi chini, na yeye katikati, sawasawa na ilivyosema skrini. Jengo la shangazi lilikuwa dogo kama kiberiti. Akaanza kucheka kama mtu anayetekenywa.

"Ndege nyeupe, hapa mnara," sauti ikaja masikioni. "Fundi, nieleze unachokiona."

Mtelezo alifungua kinywa, na yale maneno yake yote mazuri hayakumo.

"Naona njia panda," alisema hatimaye. "Kituo cha mabasi kiko kushoto, dada. Nilijua. Hata pale chini nilijua. Kulia hakuna kingine ila hapo ulipo."

Redio ikakoroma. Bwana Saruji akajifanya anasoma mwendo. Daktari wa Meno, kutoka upande wa pili wa anga, akashindwa kuvumilia.

"Mnara, umempata?"

"Nyamaza, Daktari," akasema Wakili kutoka kwenye ndege yake.

Kisha ikaja sauti ya Dada wa Mnara, si ile ya kazini, bali ndogo na ya haraka, kama mtu anayeruka mfereji akiwa amefumba macho.

"Skrini ningetuma askari wazifuate," alisema. "Wewe nilikuita mwenyewe, kwa sababu nilitaka urudi."