Fundi wa Kombaini na Oveni ya Mzungu

Jamani, mwenzenu leo nimepatikana. Nawaandikia mapema ninyi mliohamia mashamba mengine, kabla habari haijawafikia ikiwa imeongezwa chumvi. Haihitaji chumvi.

Mnajua nimepewa ile nyumba ya mtaalamu wa kigeni aliyerudi kwao, hapa shambani kwenye ngano. Ina jiko la umeme la pleti nne, na oveni chini yake. Mnajua pia kwamba mke wangu Paskalina alirudi kwao Gendabi mwezi uliopita. Alichoka kupuliza kuni mbichi uani wakati ndani kuna jiko la kutazama tu. "Siku likiwaka, niite," akasema, akabeba begi.

Nyumba bila Paskalina haikaliki. Juzi nikatuma salamu: jiko limepona, njoo.

(Lilikuwa halijapona.)

Lakini nilikuwa na imani. Mtu anayefufua kombaini katikati ya mavuno atashindwa na sanduku la kuokea mkate? Nikalifungua nyuma. Nyaya za pleti zilikuwa na kutu, nikazipiga msasa, pleti tatu zikawaka. Oveni ikagoma. Nikapima koili, nzima. Fyuzi, nzima. Nikazungusha kitufe cha moto hadi mwisho na kukiacha hapo. Baridi kama asubuhi ya Mbulu. Pale mbele kuna saa ndogo yenye mishale mingi kuliko saa yoyote ya heshima. Nayo nikaizungusha-zungusha mpaka ikaenda sawa na king'ora cha karakana. Saa ni saa, nikasema.

Leo asubuhi oveni bado baridi. Nikakimbilia Katesh kununua mikate miwili. (Ndiyo. Naishi katikati ya ngano, mkate nanunua Katesh.) Nia yangu ilikuwa kuificha ndani ya oveni, kisha niitoe mbele ya wageni kana kwamba imeokwa humo. Nilikuwa nimeshaiingiza, nataka kuivua mifuko ya nailoni, nikasikia sauti ya mama mkwe mlangoni, amekuja na Paskalina. Nikafunga oveni haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Tumekuja kuliona hilo jiko."

Paskalina akawasha pleti, chai ikachemka. Akatabasamu, nami nikavimba kichwa.

"Na huku chini?" mama akauliza.

"Mkate uko ndani, mama. Unamalizikia kuiva." (Mdomo huu.)

"Basi tuombe kwanza."

Mama mkwe wangu hajui sala fupi. Akaombea mvua, akaombea ng'ombe, akaombea wagonjwa wa Masakta mmoja mmoja kwa majina. Alipofika kwa wajukuu ambao hawajazaliwa, jikoni kukasikika: tik.

Kisha ikaja harufu ya nailoni. Nikafumbua jicho moja, nikaona moshi unatoka kwenye mlango wa oveni. Ningefanya nini? Nani anainuka katikati ya sala ya mama mkwe? Nikabaki nimeinamisha kichwa, jasho linanitoka, naye akaanza kuwaombea viongozi.

Aliposema "Amina" nilikurupuka, lakini yeye alikuwa karibu zaidi. Akafungua. Mikate ilikuwa imevaa nailoni iliyoyeyuka, na picha ya jogoo ya kwenye mfuko imeganda juu yake.

"Baba," akasema taratibu, "kwenu huku mkate unaokwa na nguo zake?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa sala moja.

Paskalina akainama kwenye ile saa. "Huu mshale mwekundu umeuzungusha wewe?"

Nikakiri.

"Hii saa ndiyo inayoiwasha oveni. Kuna hata picha ya moto hapa. Wewe umeiambia ingoje mpaka saa hii, nayo ikangoja."

Kumbe oveni ilikuwa nzima siku zote. Mama mkwe akachukua mkoba wake. Nikajua Paskalina naye anaondoka.

"Binti abaki," akasema mama. "Jiko ni zima. Aliyeharibika ni fundi, na huyo hatengenezwi kwa mbali."

Sasa hivi Paskalina anaoka mkate wa kweli, nami nimepigwa marufuku kuisogelea ile saa. Chekeni leo mmalize. Atakayecheka mpaka kesho, asiniletee tena baiskeli yake.