Viwavi wa Jirani Yangu Dénes

Jumapili, 7 Julai
Yule mama wa vipepeo amerudi kijijini. Bi Orsolya, anayechunguza vipepeo na viwavi wao. Amepita mbele ya lango langu bila kugeuza shingo, akaingia kwa Dénes. Sababu ni imola, gugu lenye ua la zambarau, kichwa kigumu kama kifungo cha koti. Viwavi anaowatafuta wanakula hilo, na kwa Dénes limejaa tele, kwa uvivu wake. Kwangu hakuna hata moja. Mimi nafyeka mapema, nafyeka chini, shamba linabaki laini kama shavu la bwana harusi. Bonde zima linajua. Leo usafi wangu umeniponza. Wamekunywa kahawa kule mpaka jua limezama. Wamecheka sana. Sikusikia wanachocheka.

Jumatatu, 8 Julai
Dénes kaenda mjini kung'olewa jino. Nikaingia shambani kwake na sepetu. Nimejaza toroli imola, na udongo wake. Viwavi wamo, weusi, wadogo, wote ndani ya utando mmoja, wamebanana kama watoto wanaolala kitanda kimoja. Niliwatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nimewapanda katikati ya shamba langu, waonekane kutoka barabarani. Kazi ya kitaalamu. Wenye shule zao wasingeiweza.

Jumanne, 9 Julai
Dénes kaja, shavu limevimba. Kasema nguruwe mwitu kamchimbia shamba. Nikampa pole. Akasema, "Huyu nguruwe anatumia sepetu, we mzee. Na toroli lake limeacha alama mpaka langoni kwako. Si ungesema tu? Ningekupa."
Nimwombe Dénes? Afadhali nife.
Mchana nikamwita Bi Orsolya. Akaja, akapiga magoti majanini, akauliza, "Mzee Lukács, hawa wametoka wapi?" Nikamwambia ni wazawa, hata babu zao walizaliwa hapa. Akanitazama kidogo, akatabasamu. Kasema Ijumaa asubuhi atakuja kukaa nao, aone wanavyokula. Siku nzima. Kwangu.

Alhamisi, 11 Julai
Nimenunua kahawa. Nimetafuta kikombe cha pili, nimekikuta nyuma ya mitungi ya matango. Cha marehemu mke wangu Rozália. Kimeshika vumbi jeusi. Nimekiosha, nikakiosha tena. Shati la kanisani limepigwa pasi, liko kwenye msumari. Nimejaribu kupanga nitakayomwambia, nikaona mengi yanahusu majani. Basi, majani nayajua.

Ijumaa, 12 Julai
Alfajiri nasikia nyundo kwa Dénes. Anagonga makali ya mundu mrefu, kuunoa. Mtu hagongi makali mapema hivyo kama hataki kufyeka. Na katika bonde hili hakuna aliyewahi kufyeka mstari wa kwanza kabla ya Lukács. Nikachukua mundu wangu, ingawa majani yangu ndiyo kwanza yalikuwa yameota tena. Sikufikiri kitu, mikono ilikwenda yenyewe. Kengele ya kanisa inalia, shamba lote liko chini. Mistari imenyooka ajabu.
Bi Orsolya akafika na kiti chake cha kukunja. Akasimama langoni. Nilikuwa na fulana ya jasho. Nikamwambia aangalie mistari ilivyonyooka.
Akasema, "Naiona, Mzee Lukács." Taratibu tu, kama anayezungumza na mgonjwa. Kisha akaenda kwa Dénes.
Dénes hakufyeka hata jani. Alikuwa anamnolea mkwewe mundu.

Jumamosi, 13 Julai
Nimepekua majani yaliyokatwa. Utando nimeuona, umekauka. Kiwavi hakuna hata mmoja.
Dénes kanipigia kelele kutoka kwake: "Kiti kipo, we mzee! Njoo, acha kununa, kahawa inapoa!" Bi Orsolya naye kanipungia mkono. Nikajibu nina kazi nyingi. Sina. Nimekaa jikoni, dirisha wazi, nikiwasikiliza.
Lakini sasa nimeshajua kosa lilipo. Kosa ni shamba la Dénes. Likiwa na imola, huyo mama ataendelea kukaa kule. Basi kesho, wote wakiwa kanisani, nitalifyeka lote, bure, kama jirani mwema. Jumapili haifyekwi, lakini Mungu naye anapenda kazi safi. Wakirudi hawatakuta ua hata moja. Atakuwa hana pa kwenda, itabidi aje kwangu.