Mwanangu wa Gramu 10100 Hajapungua

Kwa Mkuu wa Kliniki ya Mama na Mtoto,
Mlango wa kijani, ghorofa ya chini.

Ndugu Mkuu,

Kuhusu: Mashine kumpunguza mwanangu bila ridhaa yake

Salamu nyingi kwako na kwa wauguzi wote, hasa yule wa mizani ambaye husugua viganja vipate joto kabla ya kuwashika watoto. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, wa mwaka mmoja na wiki mbili, ambaye mtaani wamempa jina la Tofali, na ukimbeba hutauliza kwa nini. Kazi yangu ni fundi cherehani. Shule sikufika mbali, kwa hiyo pale nitakapokosea unisamehe, na pale nitakapopatia usinisamehe, utekeleze.

Malalamiko yangu ni kumi. Nimeyapanga kwa utaratibu wa mashine yenu, ambayo kwake kumi huja kabla ya mbili. Sababu nitaieleza.

1. Mwezi uliopita Tofali alipimwa akawa na gramu 9800. Jumanne hii alipimwa akawa na gramu 10100. Muuguzi alishusha pumzi akasema, "Mama Tofali, huyu kadi ataijaza mpaka pembeni," tukacheka. Jioni hiyohiyo ujumbe ukaingia kwenye simu ya baba yake, maana namba yake ndiyo mliyoiandika: "Mzazi mpendwa, uzito wa mtoto wako umepungua. Mama ahudhurie darasa la lishe." Nauliza kwa adabu: zile gramu mia tatu alizoongeza ziko wapi, mlizitoa lini, na kwa mkono wa nani?

10. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Baba Tofali ni mtu mwema lakini habari haikai naye. Ujumbe ule aliutuma kwa mama yake kabla hajamaliza kuusoma. Mama mkwe akapiga simu. Akasema, "Mwanangu, mimi simlaumu mtu, lakini Jumamosi nakuja kumchukua mjukuu wangu. Atakaa kwangu mpaka kadi yake ikubali." Mtu anayesema simlaumu mtu, Mkuu, ujue ameshakulaumu. Leo ni Alhamisi. Mtoto bado ananyonya. Nguo zake nimezikunja mara mbili na kuzikunjua mara mbili. Yote yanayofuata naomba uyasome ukikumbuka kwamba Jumamosi haiko mbali.

2. Jana nilikuja kwenu na mtoto mgongoni kama ushahidi. Nikapitishwa madirisha matatu. Dirisha la kwanza walisema mtoto kweli ni mnene, lakini kompyuta imeshasema. La pili walisema kompyuta haikosei. La tatu lilikuwa limefungwa, nadhani nalo lilikuwa na maoni hayohayo.

3. Ndipo nikamkuta fundi wenu wa kompyuta, binti mmoja anayekaa chumba cha nyuma katikati ya makabrasha na waya, miwani kaipandisha kichwani. Alimpakata Tofali, akasema "Mh!", akamhamishia goti la pili. Yeye ndiye aliyenifumbua macho. Kila jioni mashine yenu husoma skripti, yaani orodha ya maagizo, mstari baada ya mstari, na upo mstari unaouliza kama uzito wa leo ni mdogo kuliko wa mwezi uliopita. Aliyeuandika, kabla ya binti huyu kuajiriwa, alitumia alama iliyo kama mdomo wa kifaranga, hii hapa: <. Mahali pale alama hiyo hailinganishi namba. Inalinganisha maandishi, kama kamusi. Inatazama alama ya kwanza, zikifanana inasogea ya pili, ikikuta tofauti inasimama hapohapo. Sasa 10100 inaanza na 1, na 9800 inaanza na 9. Moja hutangulia tisa. Basi, hukumu imetoka, haina haja tena ya kutazama kuna tarakimu ngapi nyuma. Hata kwenye kamusi bahari hutangulia kisima, lakini sijamsikia mtu akisema bahari ni ndogo.

4. Mimi nafanya kazi na namba kila siku. Kama futi yangu ya kupimia ingekuwa na akili hiyo, mteja wa kiuno cha sentimita 102 ningemwambia kakonda kuliko yule wa 98, na suruali ningemshonea kwa imani hiyohiyo. Ingepasuka mbele za watu. Kwenu hakuna kinachopasuka, ndiyo maana mmeendelea.

5. Darasa la lishe nimehudhuria leo asubuhi, sikukaidi. Tulikuwa akina mama tisa. Sijawahi kuona watoto wanene kiasi kile ndani ya chumba kimoja. Benchi lilikuwa linalia. Wote wamevuka kilo kumi mwezi huu. Mwalimu wa lishe, mama mpole kabisa, akatufundisha namna ya kushika kijiko. Nikamwuliza kama mafunzo yake huleta matunda. "Mwezi unaofuata wote huongezeka, mama, hajawahi kubaki hata mmoja!" Bila shaka, Mkuu. Kutoka 10100 kwenda 10400 hata kamusi inaona. Ukutani pana cheti cha kumpongeza kwa kuokoa watoto wote, na sahihi iliyo chini yake ni yako.

6. Hili nimelifuta. Niliandika nikiwa na hasira.

7. Hili silifanyii mzaha. Jirani yangu muuza nyanya, mwanawe aliharisha wiki nzima, akashuka kutoka gramu 10200 hadi 9700. Ujumbe wake ulisema: "Hongera, uzito wa mtoto wako umeongezeka." Alikuja kunionyesha akitabasamu, mtoto kalegea begani kama kitambaa kilicholowa. Nikamwambia, "Mwenzangu, rudi naye kliniki sasa hivi. Usiiamini simu, amini mikono yako." Alirudi. Muuguzi wa mizani akampokea bila kuiuliza kompyuta, na mtoto sasa anacheza. Lakini wasio na jirani je?

8. Nilimwuliza fundi wenu dawa yake nini. Akasema ni kuutoa mdomo wa kifaranga na kuweka kistari na herufi mbili: -lt. Hapo mashine inajua kwamba hizi ni namba, na inazipima kama namba. Nikamwuliza kazi hiyo huchukua muda gani. Akasema mtoto hatakuwa amemaliza kupiga chafya. Nikamwambia basi fanya, tunakungoja. "Dada yangu," akasema, "huu mfumo hauguswi. Mwenye malalamiko aandike barua, Mkuu aisaini, ndiyo iende kwenye kamati." Na kamati hukutana mara moja kila miezi mitatu. Kwa herufi mbili, Mkuu! Kistari nimekuja nacho mwenyewe, nakuchorea hapa ili kusiwe na kisingizio cha upungufu wa vifaa: -

9. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Herufi hizo ziwekwe leo. Watoto wote waliopunguzwa warudishiwe gramu zao, na wale waliopongezwa kwa kukonda waitwe wapimwe upya. Kisha kesho Ijumaa ujumbe wa kusahihisha utumwe kwenye simu zilezile, wa kwanza kabisa kwa baba Tofali, kwa herufi kubwa: MTOTO HAJAPUNGUA, MAMA YAKE HANA KOSA. Usipotumwa nitakuja na wenzangu wanane, na watoto wetu tisa ambao kwa pamoja ni zaidi ya kilo tisini, tuketi ofisini kwako mpaka sakafu itoe ushahidi. Kuhusu kamati, nimeambiwa itakutana mwezi wa 10, na sasa tuko mwezi wa 9. Kwa mashine yenu 10 hutangulia 9. Basi kikao kilishafanyika, na kwa kuwa hakuna aliyenipinga, mimi nahesabu kwamba nilikubaliwa. Kilichobaki ni sahihi yako tu.

Nifikishie salamu kwa wauguzi, kwa mlinzi wa getini, kwa fundi wa chumba cha nyuma, na kwa wote walio nyuma ya lile dirisha lililofungwa. Mwalimu wa lishe mwambie sina kinyongo naye, na kijiko sasa nakishika vizuri. Tofali naye anakusalimu. Hilo doa la uji pembeni ni kidole chake.

Ni mimi ninayekungoja kwa heshima na kwa matumaini makubwa,

Mama Tofali, fundi cherehani

Nyongeza: Leo ni Ijumaa asubuhi, na kabla sijaifunga bahasha mama mkwe amefika, siku nzima kabla ya siku yake. Hakuvua hata viatu. Alimnyanyua Tofali, akamshusha, akajishika kiuno. "Huyu ndiye aliyepungua?" akasema. "Kabla hajapungua mlikuwa mnambeba na nini, winchi?" Nikamsomea barua hii tangu mwanzo. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akaziona nguo za mtoto kitandani. Akazikunja mwenyewe, moja moja, akazirudisha kabatini. Ndivyo alivyoniomba radhi, nami nimeipokea.

Ila kuna jambo ambalo sikukueleza, Mkuu. Tangu ujumbe wenu uingie, baba Tofali anaamka kabla yangu kumkorogea mtoto uji. Jioni anamlisha yeye, kijiko kwa kijiko, huku akimwimbia wimbo usio na kichwa wala miguu. Leo mama yake amemkuta jikoni ameshika mwiko. Akanivuta nje kwa kiwiko. "Miaka thelathini namjua huyu mtoto," akaninong'oneza, "sijawahi kumwona hivi. Ole wako umwambie."

Kwa hiyo tengeneza mashine leo leo, na watu wengine wote watumie sahihisho lao. Lakini kwa ile simu ya baba Tofali, tafadhali, barua hii hesabu hujaipata. Kwake yeye mtoto aendelee kupungua taratibu, walau mpaka baba yake aanze kuosha na sufuria.