Ombi la Kuwarudisha Bungoma Wanafunzi Wasioona Wanaoona Kupita Kiasi

Ofisi ya Naibu Mwalimu Mkuu,
Shule ya Upili ya Mlima Baraka,
Kibomet, Kitale.

Jumanne, wiki ya pili ya muhula wa kwanza

Kwa Mzee Muchiri,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: WANAFUNZI SITA WA GREDI YA KUMI

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini goti lako limepata nafuu na mahindi yako yamekauka vizuri.

Mwezi Desemba Bodi iliniagiza niiandae shule kuwapokea wanafunzi sita wasioona kutoka pande za Misikhu na Kanduyi, huko Bungoma, pamoja na mwalimu wao, Bi. Pauline, ambaye naye haoni. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo mweupe. Yaliyonipata ndiyo haya.

1. Hawana shukrani. Nilitundika langoni bango la mita nne: KARIBUNI WANAFUNZI WASIOONA. Njia za bwenini, maktaba na choo niliziwekea vibao vya herufi nyekundu ambazo mtu anazisoma akiwa huko kwenye lami. Wote sita walipita chini ya bango bila hata kuinua shingo. Bi. Pauline alipoelezwa, aliuliza kwa upole, "Mwalimu, na hilo bango lilimngoja nani alisome?" Wazazi walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

2. Vitabu. Hapa naomba uvumilivu wako, Mzee. Wiki moja kabla ya kufungua shule tulipokea katoni tisa za vitabu vya Breli. Nilipofungua ya kwanza nikakuta kurasa zote zimeota vipele. Nilijua papo hapo kwamba vilinyeshewa njiani, ingawa ni Januari na hapajaanguka tone tangu Krismasi. Sikutaka watoto wa watu wapewe vitabu vibovu. Nikavipanga stoo, nikavilaza chini ya magunia kumi na mawili ya mahindi kwa siku sita. Vilinyooka vikawa laini kama shuka la hospitali.

Siku ya kwanza ya masomo, Sellah Nekesa, msichana wa Misikhu, alifungua kitabu chake cha Hisabati. Akapitisha vidole ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kisha akasema, "Mwalimu, hiki kitabu kimenyamaza."

Wenzake wakafungua vyao. Vyote vilikuwa vimenyamaza.

Nimeambiwa msichana huyu alikaa nyumbani mwaka mzima akingoja shule itakayomkubali. Alikifunga kitabu, akaweka mikono juu ya jalada. Hakulia. Mimi nilitoka nje kutazama mawingu, kwa kuwa mambo ya mvua pia yako chini ya ofisi yangu.

3. Tuliambiwa vitabu vingine vitafika Julai. Badala ya kungoja kama watoto wenye adabu, walianza kujitengenezea vyao. Bi. Pauline amewaketisha wanafunzi wanaoona wawasomee wenzao kwa sauti, nao wanapiga nukta upya kwa mashine zao za Breli. Ko-ko-ko, ko-ko-ko, mchana kutwa. Matokeo yake ni kwamba hao wanaosoma kwa sauti wamejikuta wanaielewa Hisabati bila kukusudia. Alhamisi Mwalimu Kagwe aliingia kufundisha sura ya kwanza, akakuta darasa liko sura ya sita, ambayo yeye mwenyewe hajaifikia. Ameomba likizo ya ugonjwa.

4. Nidhamu imekwisha. Kwa miaka kumi na minne nimewanyemelea wanafunzi kwa viatu vya raba. Huyu Sellah hunitambua nikiwa bado kwenye kona ya jikoni. Husema kwa sauti, "Habari ya asubuhi, Mwalimu Kipkosgei," na nikifika mlangoni kila mtu ameinamia daftari. Sijamshika hata mmoja tangu shule ifunguliwe.

5. Mtaro. Bodi ilitaka njia ya kwenda bwaloni irekebishwe kwa usalama wa wasioona. Nilichimbisha mtaro wa maji ya jikoni, kina chake futi tatu, nao ukaikata njia hiyo hiyo katikati. Vifuniko vilisahaulika. Jumamosi afisa wa elimu alitutembelea. Nikawa ninamwonyesha jinsi Mlima Elgon unavyopendeza kutoka kwetu, huku nikitembea kinyumenyume. Sellah alikuwa amesimama kando na fimbo yake nyeupe. Akasema, "Mwalimu, si hapo nyuma yako kuna mtaro?" Nilimjibu kwamba mtaro huo nimeuchimbisha mimi na ninaujua vizuri.

Nikaingia.

Kilichoniuma si matope wala maganda ya viazi. Ni kwamba aliyeninyooshea fimbo nishike nipande alikuwa ni yeye, huku afisa akipiga picha.

Kwa sababu hizo naomba wanafunzi hawa warudishwe Bungoma mpaka shule itakapokuwa tayari. Kamati ya Maandalizi, ambayo mwenyekiti, katibu na mjumbe wake ni mimi, inakadiria miaka saba. Bi. Pauline anasema shule ilikuwa tayari kabisa hadi nilipoanza kuiandaa. Naomba kauli hiyo iingizwe kwenye faili lake.

Nisalimie Mama Waithera, wanakwaya wote, na yeyote atakayeulizia hali ya mgongo wangu.

Wako katika utumishi uliojaa michubuko,

Kimaiyo Kipkosgei,
Naibu Mwalimu Mkuu

Tanbihi: Kama umekwisha kuamua warudi, naomba Sellah asiondoke kwanza. Mama yangu, Jerono, huko Cherangany, macho yalimwishia mwaka juzi, na sasa naye ameanza kujifunza kusoma kwa vidole. Simu haipendi, anasema maneno ya simu hayakai. Barua zangu husomewa na jirani, na huyo jirani huruka kila mahali ninapomtaja yeye. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana Sellah ananifundisha Breli, na tumefika herufi ya M. Kwa sasa naweza kuandika neno moja tu, "mama". Jana alilipitia kwa kidole akasema nimelikosea mahali pawili. Tafadhali, Mzee, asiende popote mpaka nilipatie. Na baada ya hilo bado nina mengi ya kumwambia mama.